Nota za fidla barazani, upepo wa kusi

Mwanafunzi wa fidla anayefanyia mazoezi barazani Lamu wakati wa kusi ana maadui wawili: upepo na unyevu. Karatasi ya gramu 80 hujikunja na kuanguka. Chapisha kwenye ya gramu 120, kisha uibane kwa vibanio vinne vya nguo. Printa iwe ya leza. Wino wa maji husambaa ukiguswa na mkono wenye jasho, na kichwa cha nota kikishavimba mtoto hajui ni A au B.

Kosa kubwa zaidi ni kupunguza ukubwa wa nota. Kitabu chenye upana wa sentimita 23 kikinakiliwa kwenye A4, ambayo ni 21, nota hubaki asilimia 91 hivi. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka saba atainamia stendi, na fidla itashuka begani. Afadhali kuacha nje kingo tupu za ukurasa wakati wa kunakili.

Ukurasa uishie penye kimya, mkono upate nafasi ya kufunua. Namba za vidole, 0 (uzi usiobonyezwa) hadi 4, ziandikwe kwa penseli ya 2B, tena pale anapokosea tu: ukiziandika zote, atasoma namba na nota hataziangalia kabisa.