Kutwa nzima na tanbihi moja

Saa 2 asubuhi niko kwenye laptopu, nafungua orodha ya makala za Wikipedia zilizobandikwa alama ya kudai chanzo. Leo nimeangukia ya malaria. Inasema Ronald Ross alikuta vimelea ndani ya mbu mwaka 1902. Hapana bwana, 1902 ndo alipewa Nobel, ugunduzi ni wa 1897.

Saa 3. Kumbe tanbihi ipo, linki tupu ya blogu, haina mwandishi wala tarehe. Naifungua, lo! Ni sentensi zetu zilezile mpaka kosa la tahajia, yaani blogu imenakili wiki halafu wiki inaileta blogu kama shahidi.

Mpaka saa 6 natafuta alichoandika Ross mwenyewe. Kimo kwenye British Medical Journal ya Desemba 1897, ukurasa 1786 hadi 1788, nimezisoma zote tatu maana siweki chanzo ambacho sijakifungua. Ila mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo nikaongeza na ukurasa wa tovuti ya Nobel, mtu mwingine naye aseme.

Saa 8 nabandika DOI, ile namba ya kudumu ya makala ya jarida mtandaoni, na kigezo, yaani fomu ya kujazia chanzo, kinajijaza chenyewe, raha, lakini usikiamini hata kidogo. Unakuta jina la kwanza limekaa kwenye sanduku la jina la ukoo, na kwenye linki za tovuti ndo balaa, kuna siku kililetea mwandishi anaitwa "Admin". DOI yenyewe ianze na 10, ukiibandika pamoja na ile https ya mbele unaletewa maandishi mekundu ya kosa.

Saa 9 nageukia vitabu. Mtu kaweka ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, safi kabisa, tarakimu 13, ukurasa hajataja. Kitabu kinene vile bila namba ya ukurasa ni sawa na kumwelekeza mgeni "nenda mjini ukaulize". Nimepekua mpaka nikaupata, na kwa kuwa kinatajwa mara nne nikaipa tanbihi jina moja ili niiite popote bila kuiandika upya.

Saa 11 linki zilizokufa, nazitafutia nakala Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, naweka na tarehe ya nakala. Kazi ya mikono tu hii.

Saa 1 usiku, kabla sijafunga, naona mtu karudisha 1902. Maelezo yake: "blogu inasema hivyo". Nimemwachia namba za kurasa kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, nikazima laptopu.