Uweza wa Mungu si baruti

Wapendwa, somo la juma hili ni Warumi 1:16: "Kwa maana siionei haya Injili, kwa sababu ni uweza wa Mungu uuletao wokovu."

Mahubiri ya aya hii tumeyazoea. Kiyunani chake ni dunamis, ndiko Waingereza walikopata dynamic na dynamite, basi Injili ni baruti ya Mungu! Kanisa linaitikia amina. Asili ya maneno hayo ni hiyo kweli, ila hoja imekwenda kinyumenyume. Alfred Nobel wa Sweden aliipa baruti yake jina dynamite mwaka 1867, zaidi ya miaka 1,800 baada ya Paulo. Na nia yake ilikuwa kuituliza naitrogliserini, kimiminika kilichokuwa kikilipuka ovyo: sehemu tatu zake alizinywesha sehemu moja ya udongo laini mkavu. Dynamic nalo liliingia Kiingereza katika karne ya 19, kupitia Kifaransa, likiwa neno la wanafizikia.

Dunamis linatokana na kitenzi dunamai, kuweza. Lipime kwenye aya nyingine. Katika Mathayo 25:15 talanta zinagawiwa "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake", ni dunamis. Katika 1 Wakorintho 14:11 neno hilohilo ni maana ya sauti. Weka mlipuko hapo uone.

Marko 5:25-34 ndipo pa kukaa zaidi. Mwanamke ametokwa damu miaka 12, amemaliza mali kwa waganga, anagusa vazi kwa nyuma katikati ya msongamano. Yesu anafahamu kuwa nguvu zimemtoka, dunamis tena, na wanafunzi waliokuwa pamoja naye hawakuhisi lolote. Hakuna aliyerushwa chini, damu ilikoma. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliandika hapo virtue, kwa kufuata virtus ya Kilatini, neno ambalo Mwingereza wa leo hulisoma kama tabia njema.

Atakayefuatilia mwenyewe asitegemee faharasa ya Kiswahili peke yake. Waefeso 1:19 ina "uweza" mara mbili: wa kwanza ni dunamis, wa pili ni ischus, na "nguvu" iliyo katikati ni kratos. Tumia itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno na aya yalimo, yenye namba za Strong, ambazo hulipa kila neno la Kiyunani namba yake. Dunamis ni 1411. Andika aya nzima, si neno tupu, kisha uliza: nani anaweza, anaweza nini, kwa ajili ya nani? Katika Warumi 1:16 majibu yote matatu yamo ndani ya aya: Mungu, kuokoa, kila aaminiye.

Siku ya mwisho ya juma someni Marko 6:5, Yesu akiwa kwao Nazareti. "Hakuweza" na "mwujiza" katika aya hiyo ni dunamai na dunamis, yamewekwa pamoja, na sababu imetajwa kwenye aya ya 6.