Bahari Isiyo na Buluu

Ya treni kutoka London hadi St Ives, mji mdogo wa bandari kusini-magharibi mwa Uingereza, sina la kusimulia, ila niliteremka St Erth kupanda kile kijitreni kinachofuata ufuo. Chumba ndicho kilichoniuma: pauni 110 kwa usiku mmoja, dirisha linatazama ukuta, na chai ya asubuhi haimo. Nilivumilia kwa ajili ya mtu mmoja, mchoraji wa zamani wa mji huo, Alfred Wallis.

Asubuhi nilikuta maji yamekupwa. Vyombo vyote bandarini vimepwelewa, vimelala ubavu mchangani kama ngalawa zetu Pangani siku za bamvua. Moyo ulinidunda.

Jumba la sanaa la Tate liko ufuo wa Porthmeor tangu 1993. Picha kubwa kubwa za wasomi wa rangi nilizipita upesi. Za Wallis zilikuwa chache, nyingine hazizidi kurasa mbili za daftari, na hapo nilisimama hadi miguu ikafa ganzi.

Huyu mzee alikuwa baharia, kisha akanunua na kuuza vyuma chakavu na kamba kuukuu. Mkewe alipofariki 1922, naye akikaribia miaka 70, akaanza kuchora ili apate cha kumliwaza. Alichora juu ya makaratasi magumu ya maboksi ya dukani, yaliyokatwa upogo, kwa rangi ya kupakia mashua. Mwaka 1928 wachoraji wawili waliosomea, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mlangoni kwake wakaona kuta zimejaa merikebu. Wasomi wale ndio wakawa wanafunzi.

Kilichonishtua ni kwamba bahari yake karibu haina buluu. Ni kijivu, nyeupe, nyeusi ya kijani, na mahali pengine ni boksi lenyewe limeachwa bila rangi. Chombo ni kikubwa kwa sababu ndicho chenye roho za watu. Nyumba za pwani ni vinukta tu. Nimezaliwa pwani, na picha za pwani nilizokua nazo ni za kuuzia wageni: maji ya buluu, mnazi umeinama, jahazi moja, jua linazama. Nani kwetu amechora maji ya masika pale mto unapomwaga tope, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa? Au nahodha anayeteka maji chomboni usiku kucha? Wareno walinzi wa Fort Jesus, Mombasa, walichora merikebu ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu karne ya 17, na hata wao hawakuhitaji buluu.

Jioni nikapanda makaburi ya Barnoon, mlima mkali, mvua ya upande. Nilizunguka sana bila kuliona kaburi la Wallis. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia kaburi la mumewe akaacha jembe lake dogo, akanishika mkono bila kuniuliza nimetoka wapi, tukashuka pole pole. Kaburi la Wallis limefunikwa vigae vya mfinyanzi Bernard Leach: mnara mkubwa wa taa, na chini yake kijitu kidogo chenye mkongojo kinaingia mlangoni. Imeandikwa "msanii na baharia". Mama akaniambia Wallis alifia nyumba ya maskini huko Madron, 1942, na kwamba alikuwa akiogopa mno kuzikwa kifukara. Rafiki zake ndio waliomnunulia pale. Akapangusa kigae kwa ncha ya mtandio wake. Nililia. Nilimkumbuka babu, miaka 40 baharini, na hatuna hata picha yake moja.

Usiku nikampigia baba mkubwa, naye alikuwa nahodha, nikamtumia picha ya kadi yenye merikebu ya Wallis, niliyonunua kwa pauni moja na nusu. Nikangoja aseme ni ya kitoto. Akanyamaza kidogo.

"Upepo unamjia nyuma huyu," akasema. "Mwambie ashushe tanga moja, mwamba uko karibu."