Mama na Duka la Kadi

Aprili 2019, wiki chache kabla ya mfungo, mama alikuwa amekuja kunitembelea Columbus, Ohio, na baridi ya huku ilikuwa bado inamwonea. Alishachoka kukaa dirishani kutazama miti isiyo na jani hata moja. Nilipomwambia nakwenda kununua vitu vya Ramadhani, alivaa koti juu ya baibui kabla sijamaliza sentensi.

Hapa lazima nieleze mama ni nani kwenye mambo ya biashara. Kwa miaka mingi alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, kwenye ile mitaa ya barabara zenye namba. Duka lenyewe dirisha moja lenye nondo. Aliuza mafuta ya kupima, sukari robo, majani ya chai ya kufunga kwenye karatasi, nyanya ya kopo kwa kijiko. Mteja akija na vijisenti vyake haondoki mikono mitupu. Mama anajua fika kwamba anunuaye kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. Faida iliyotusomesha ilitoka hapo hapo, na wala hajawahi kuificha.

Duka nililompeleka ni la aina ile ya kuingia kwa kadi. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ziko chache na zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Unalipa ada ya mwaka, wakati ule dola 45 kwa hawa na dola 60 kwa wale, ndipo unaruhusiwa kuingia kutumia hela zako. Mama aliponiona naonyesha kadi mlangoni akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Akasimama palepale, watu na matoroli yao wakawa wanatupita kulia na kushoto.

"Yaani unalipa ili ukanunue?"

"Ndiyo, mama. Lakini ndani bei iko chini."

"Itakosaje kuwa chini? Hao chao wameshakipata kabla hujagusa kitu."

Nami nilikuwa nalipa ada ile kila mwaka bila kuliona jambo hilo kwa wepesi alioliona yeye. Maduka haya huweka faida ndogo sana juu ya bidhaa, na sehemu kubwa ya kinachobaki mfukoni mwao hutoka kwenye ada. Ukishalipa unajiona huna budi kurudi mara kwa mara, usije ukawa umewapa pesa za bure.

Nilitegemea angeshangaa wingi wa vitu. Wageni wengi kutoka nyumbani niliowahi kuwaleta walitoa simu wakaanza kujipiga picha mbele ya mlima wa makaratasi ya chooni. Mama hakushangaa. Alitazama sakafu ya saruji, dari la mabati, makatoni yaliyopangwa hadi juu kabisa, na bidhaa zilizoachwa juu ya mbao zilezile zilizosafiria, akasema, "Hii ni stoo." Halafu akainama kusoma karatasi ya bei chini ya mafuta ya kupikia. Dumu lilikuwa la paundi 35, lita kumi na saba hivi. Pembeni ya bei kubwa kulikuwa na tarakimu ndogo. Nikamwambia hiyo ni bei kwa kila aunsi moja. Akanitaka nimweleze aunsi ni nini, nikamwambia ni kipimo chao kidogo, akatulia kidogo akihesabu kwa vidole ndani ya mkono wa koti.

"Mwanangu, hili si duka la watu wa majumbani. Hili ni la wenye maduka. Mimi ndiye ningekuja kununua hapa."

Baadaye usiku nilitafuta habari zake, nikakuta amepatia. Mtindo huu aliuanzisha Sol Price mwaka 1976, San Diego, ndani ya jengo lililokuwa hanga la ndege, chini ya jina la Price Club, na mwanzoni wateja wake walikuwa wenye biashara ndogo tu: wenye migahawa, wenye vioski, watu wa aina ya mama. Raia wengine waliruhusiwa baadaye. Kufika 1983, Costco na Sam's Club, kampuni nyingine mbili za mtindo huohuo, zilikuwa zimefungua milango. Sisi wa majumbani tuliingizwa kwenye nyumba isiyojengwa kwa ajili yetu, ndiyo maana tunatoka na haradali ya kutosha harusi.

Raha zake zipo, sitazikana. Kuna akina mama waliovaa kofia za wavu, wanaogawa vitu vya kuonja kwenye vikombe vya karatasi. Mama aliulizia nyama akaambiwa si halali, akahamia kwenye jibini, akarudi jibini mara ya pili huku amejitanda upande mwingine wa mtandio. Kitunguu saumu kilichokwisha kumenywa, mfuko wa paundi tatu, kilimfurahisha kupita kitu chochote alichokiona Marekani. Aliukumbatia kabisa ule mfuko. Na pale ukitafuta mchele unakutana na mtumbwi wa plastiki wa kuendea mtoni, halafu televisheni, halafu tairi. Njia hazina vibao vya kukuonyesha kitu kiko wapi, na nadhani ni makusudi: ukipotea ndivyo unavyonunua.

Kero zilianza tulipotaka vitu tulivyovifuata. Tende nilizoziona mwezi uliotangulia hazikuwapo. Mahali pake walikuwa wamepanga viti vya bustanini. Kijana mfanyakazi akatuambia zimekwisha, huenda zitarudi, huenda zisirudi. Mdalasini tuliupata, umesagwa, chupa nene kama mkono wa mtoto, lakini hiliki hakuna, karafuu hakuna, tambi za kupika kwa sukari ndiyo usiseme. Duka kama hili hubeba aina 4,000 hivi za bidhaa, ilhali supamaketi ya kawaida inaweza kufika 30,000 na zaidi. Ndiyo siri ya ule urahisi, kitu kimoja kwa wingi mno, bila wenzake. Nilimwambia mama viungo tutapitia kwa Wasomali.

"Kwa hiyo gari inakwenda safari mbili," akasema. "Hayo mafuta ya gari umeyapigia hesabu?"

Sikuwa nimeyapiga.

Foleni ya malipo ilifika karibu na friza za samaki. Mifuko hawatoi, unajiokotea makatoni matupu. Tulipotoka kwa keshia mama alidhani tumemaliza, kumbe mlangoni kuna mtu mwingine, mzee mmoja mwenye kalamu nene, anayetazama risiti na kuchungulia toroli la kila mtu. Uso wa mama ulibadilika.

"Anatushuku wizi? Baada ya kulipa?"

Nikawa nataka kumwambia ndio utaratibu, yule mzee akainua uso na kuniuliza madumu ya mafuta ni mangapi. Moja. Kwenye risiti yalikuwa mawili. Akatuelekeza kwenye dawati la kurudishiwa, na huko kulikuwa na foleni nyingine ya watu waliobeba mito, mashine za kahawa na godoro lililokunjwa. Tukasimama mpaka miguu ikauma. Pesa zilirudi, hilo silikatai, ila samahani hatukuisikia. Mama alikuwa ameshamsamehe yule mzee wa mlangoni kabisa, akawa anampungia mkono kutoka mbali. "Yule ndiye mfanyakazi. Mtu kama yule ningemlipa vizuri."

Nyumbani ndipo duka la Ngamiani lilipofunguliwa upya. Manunuzi yale hayakuwa yangu peke yangu. Tulikuwa tumekubaliana majirani wanne wa mtaa ule tugawane, maana nyumba zetu ndogo na friza zetu ndogo zaidi. Mama alitandika mkeka sebuleni, akaniamrisha nilete mzani wa bafuni na kuugeuza usome kilo. Akapanda mikono mitupu, akasoma. Akapanda tena amekumbatia mfuko wa mchele, akasoma, akatoa. Kila jirani alipimiwa hivyo, mama akipanda na kushuka. Mafuta aliyagawa kwa jagi la chai, akikung'uta hadi tone la mwisho. Hesabu aliiandika nyuma ya ile risiti ndefu.

Dada mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu, alikuwa na watoto watano, hana gari wala kadi. Sukari alikuwa akinunua kituo cha mafuta karibu na kwake, mfuko mdogo mdogo. Mama alimwomba amtajie bei ile, akaigeuza kuwa ya kilo, kisha akanitazama mimi kana kwamba kituo kile ni changu.

"Huyu analipa karibu mara mbili yako," akasema. "Na wewe ndiye mwenye mshahara."

Akamwongezea kilo nzima juu ya mzani. Kijana wa Mombasa, mwanafunzi, alipokuja akaingiza mkono mfukoni, akatabasamu.

"Shikamoo mama. Leo sina kitu, nitaleta Ijumaa."

"Marahaba. Ijumaa ipi?" Mama hakusubiri jibu. Akaandika jina lake nyuma ya risiti, mbele yake akaweka dola sita, akapiga mstari chini mara mbili.

Mama alirudi Tanga baada ya Idi. Kila anaponipigia simu, akimaliza kuulizia afya, huulizia zile dola sita. Kijana ameshamaliza chuo, amehamia Texas, ameoa.

"Amelipa?"

"Bado, mama."

"Basi usimfute."