Miguu kwanza

Mvua imeanza saa nane usiku na kovu la kisigino linawasha. Likiwasha hivi namkumbuka koplo.

Nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, nimetoka kidato cha sita. Platuni yetu ilikuwa mkia wa kombania. Kwenye mchakamchaka tulikatika vipande viwili, na kwenye kwata mguu wa kushoto tuliutafuta kama hela iliyodondoka. Afande wetu wa kwanza, sajenti mwenye sauti ya kufukuzia kunguru, alikuwa na dawa moja: akichelewa mmoja, wote kuruka kichura. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Kwata aliijua, hadi leo nikisikia "mguu sawa" mgongo unanyooka wenyewe. Ila wiki tatu zilipopita tulikuwa tumefuzu somo moja tu, kufichana. Mwenye homa alikaa kimya. Mwenye lengelenge alifunga kitambaa. Na kijana mmoja wa sekisheni yangu, ambaye kila siku alitufikia wa mwisho, tulimchukia kwa umoja mzuri kabisa.

Sajenti akahamishwa, akaja koplo. Mfupi, mpole wa sauti, na mkali kumshinda yule. Nikisimulia hapa watu hubisha. Jioni ya kwanza alituamuru tuvue mabuti, tukae mstari mmoja nje ya hanga, akapita na tochi akikagua nyayo. Kwa yule kijana alisimama. Mguu namba nane, buti namba kumi na moja, mbele amesokomeza matambara. Koplo hakumgombeza. Aliuliza, "Kiongozi wa sekisheni hii nani?"

Nilikuwa mimi.

Akamulika na miguu yangu, akaona kisigino kilichooza, akanituma zahanati. Adhabu yangu aliiweka kiporo mpaka nilipopona, kisha nikaila peke yangu, yote.

Miaka baadaye, nikifuatilia habari za askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, waliopelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia (ukoo wetu una mmoja, aliyerudi na blanketi na ukimya), nilikutana na mtu kama koplo wangu, ila mwenye nyota za jenerali. Na kabla yake alikuwepo wa aina ya sajenti. Mwanzoni mwa 1943, Jenerali Noel Irwin, Mwingereza, aliwatuma askari kuvamia mahandaki ya Wajapani pale Donbaik, huko Burma, uso kwa uso. Wakashindwa. Wakarudishwa palepale, tena na tena. Mambo yalipoharibika alilalamikia ubora wa askari, na Mei akaondolewa yeye. Oktoba mwaka huohuo William Slim akakabidhiwa jeshi hilo lililochoka, likaitwa la Kumi na Nne.

Slim alikuta kwamba kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa vitani, wagonjwa walioondolewa walikuwa 120, malaria ikiongoza. Vidonge vya mepakrini, vya kuizuia, vilikuwepo, lakini askari walivitema kwa uvumi kwamba vinamaliza nguvu za kiume. Sasa hapa sajenti wetu angepiga watu kichura. Slim aliagiza vikosi vipimwe kwa kushtukiza. Waliomeza wakiwa chini ya asilimia 95, anafukuzwa kamanda wa kikosi, si askari. Alifukuza watatu tu, waliobaki wakaelewa. Na vikosi vya mbele vikiwekwa nusu posho, makao makuu yake nayo yalikula nusu. Mwaka 1944 jeshi hilo lilishikilia miji ya Imphal na Kohima, upande wa India, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa huku kwetu, ikawafukuza Wajapani kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule.

Ukali walikuwa nao wote. Ninachokiangalia siku hizi, hata kazini, ni unamwangukia nani kwanza.

Platuni yetu haikuwa ya kwanza siku ya kufunga mafunzo. Tulishika nafasi ya tatu kati ya sita, tukashangilia kama wendawazimu. Yule kijana alikuwa mstari wa mbele, namba nane mguuni, anang'aa. Buti lile kubwa koplo alilibadilisha mwenyewe stoo, na kijana akaniambia afande huyo alipanga foleni kama kuruta.