Siku niliyoshika jani na kamera pamoja, Isecheno

Uzito wa kamera yangu niliujulia dukani. Kuna mama huuza sukari na mchele wa kupima hapa karibu na sisi Manyatta, Kisumu, siku hio nimetoka kupiga picha nyuki kwa maua ya jirani nikapitia hapo kuchukua maziwa, nikaweka kamera kwa kaunta nitafute pesa, akaiinua kidogo akashtuka. Mwalimu, hii ndio unashikilia hivo kila jioni? Tukaiweka kwa mizani yake. Gramu 1,940. Canon 7D, lenzi ya macro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya 100mm, flashi juu na betri nne ndani ya flashi. Akaniambia hio ni pakiti ya unga, na mimi hata unga sibebi na mkono huo.

Alikua anajua mkono wangu. 2016 nilianguka na boda kwa matope, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kilipona vizuri tu lakini nikishika kitu kizito kwa dakika kama ishirini hivi vidole vinaanza kufa ganzi, kwanza kidole kidogo alafu kile kinafuata. Na wadudu sio watu wa harusi. Huwezi kuwaambia wangoje. Unakaa na kamera mbele ya uso umezuia pumzi, unasonga mbele kidogo, nyuma kidogo, unatafuta ile fokasi nyembamba kuliko ukucha, na mdudu anaamua yeye mwenyewe saa atageuka. Karibu miaka miwili nilirudi nyumbani na picha zimetingishika, nikawa nadhani shida ni mimi sijui kupiga.

Nilijaribu tripodi. Tripodi kwa wadudu mimi naona ni mateso, ukimaliza kufungua mguu wa tatu umegusa nyasi na panzi ameshaenda. Nilijaribu pia kulala chini nishikilie viwiko, ju skrini ya 7D haikunjuki, kwa hivyo mdudu akiwa chini na wewe lazima uwe chini. Hapo ndio nililala juu ya njia ya siafu msituni Kakamega, na mtu ambaye ameumwa na siafu ndani ya nguo anajua sihitaji kueleza zaidi.

Aliyenitoa hapo ni binamu yangu, hupiga picha za harusi na matanga huku Kisumu. Alikua amenunua Olympus E-M10 Mark II na lenzi ya 60mm macro ya kupiga pete za maharusi, akaona wateja hawaifurahii, wakiona kamera ndogo wanadhani amewadharau. Likizo ya Aprili 2018 akanipatia nikae nayo wiki moja, akasema nikiipenda tutaongea bei pole pole. Niliishika nikasikia kama kitu ya watoto. Mwili na betri yake ni gramu 390, lenzi gramu 185. Hebu hesabu hio. Kamera nzima pamoja na lenzi yake haifikii uzito wa ile lenzi yangu ya zamani peke yake, ju ile ni 625.

Usiku huo nikatengeneza kitu cha kulainisha mwanga. Hio kamera ina flashi ndogo inainuka juu yenyewe, na flashi bila kitu mbele inachoma, mgongo wa mbawakawa unakua na doa jeupe tu. Nilichukua ile foam nyeupe nyembamba hufungiwa TV mpya, nikaikata kama kipande cha mwavuli, nikaifunga kwa lenzi na mpira wa kufungia noti ili ining'inie mbele, mwanga utoke juu upite hapo ndani ushuke kwa mdudu ukiwa mpole. Haikua na uzito wowote.

Kesho yake saa kumi na moja asubuhi nikapanda matatu Kondele, nikashukia Khayega, boda kupitia Shinyalu hadi Isecheno, kwa msitu wa Kakamega. Nilitaka kufika kabla jua halijapasha msitu. Hapo juu ni zaidi ya mita 1,500, asubuhi kuna baridi na wadudu bado wamekakamaa na umande juu yao, wanakuvumilia. Mzee ambaye hutembeza wageni alikua ananingoja, anatafuna mukombero, ule mzizi, kama kawaida, nikamsalimia akaangalia begi langu. Mwalimu, leo umekuja bila mashine? Nikamwambia mzee iko, iko hapa mfukoni. Na kweli ilikua kwa mfuko wa koti.

Saa ya kwanza nilihangaika, siwezi kudanganya. Vidole vilikua vinatafuta vitufe mahali havipo. Alafu hio lenzi inataka uende karibu zaidi ya ile nilizoea, ukitaka mdudu kwa saizi yake kamili unabakisha sentimita kama tisa tu mbele ya kioo, kipepeo wawili wakanikimbia hivohivo. Nikaanza kufikiria binamu atapata kamera yake mapema.

Kisha tukafika mahali pana chemchemi ndogo, majani mapana ya chini yamelowa, mzee akaninyooshea kidole. Kwa ncha ya jani kulikua na nzi mdogo, hafiki hata sentimita moja, na macho yake hayakua kichwani. Yalikua kwa ncha za vijiti viwili vimetoka kando ya kichwa kama usukani wa baiskeli. Nilikua nimewasoma hawa nzi na sijawahi kuwaona. Jani likawa linatingishika na upepo, juu chini, na kwa kamera ya zamani ningengoja upepo uishe, nishikilie ile mizigo na mikono miwili, vidole vife, niende nyumbani.

Sijui mkono wa kushoto ulijuaje. Ulienda wenyewe ukashika shina la hilo jani chini, pole pole, na ngumi ikawa chini ya lenzi, lenzi ikalala juu ya ngumi. Kamera nzima ilikua kwa mkono wa kulia peke yake, huo mkono mbovu, na haukulalamika. Hapo ikawa jani likitingishika, mkono unatingishika nalo, na kamera pia, yote kitu kimoja, kwa hivyo kwa skrini nzi ametulia tuli. Skrini nilikua nimeikunjua ikaangalia juu nikawa nachungulia kama mtu anaangalia ndani ya sufuria, nimechuchumaa tu, magoti makavu. Nikaweka fokasi ya mkono kwa mwisho wake wa karibu kabisa, tundu la lenzi f/8, nikawa naisogeza lenzi juu ya ngumi kama unavyosukuma kitana, milimita kwa milimita, mpaka macho yote mawili yakaonekana wazi pamoja. Hio ndio ngumu kwa huyu nzi, macho yako mbali na ukikosa kusimama sambamba naye jicho moja linapotea.

Nilipiga kama arobaini. Sijawahi kukaa na mdudu mmoja hivo. Niliona vile anapangusa vijiti na miguu ya mbele, mmoja mmoja, anaanzia kichwani anaenda hadi kwa jicho. Nikaangalia saa imepita nusu saa na zaidi, nikakunja kidole kidogo nikaona kiko hai. Koo lilinikaba kidogo, nasema ukweli. Miaka miwili nilikua nimeshaanza kukubali kwamba hii kitu ninayoipenda sana mwili wangu umeikataa.

Nikamwonyesha mzee kwa skrini, nikavuta picha ikawa kubwa. Akatoa miwani, akaangalia kwa muda. Hawa mimi nawajua tangu nikiwa mtoto, tulikua tunachota maji wako hapo kwa majani, tunawapuliza tu. Kumbe wana macho hivi? Akaniuliza kama nataka kuona wengi, ju kuna mahali chini zaidi wanakaa kama kijiji.

Tulishuka. Mawingu yalishaanza kufunga, na Kakamega mwezi wa nne mvua ya mchana haiombi ruhusa. Kwa jani moja tukapata wawili wameangaliana uso kwa uso, vijiti sambamba, wamepanua miguu ya mbele kama wanapimana nani ana macho mapana. Mkono wa kushoto ukashika shina. Nikapiga tatu, ya nne kamera ikazima, betri yake ni ndogo na mimi sikua na ingine, hio nilijifunza hapo.

Mzee akauliza imeshika? Nikamwambia nafikiri mbili zimeshika. Sikuachilia shina. Tukabaki tumechuchumaa sisi wawili, kichwa karibu na kichwa, hadi yule mwenye vijiti vifupi akarudi nyuma akaruka, na tone la kwanza likaanguka juu ya jani.