Muscat, Wakati wa Kaskazi

Shangazi yangu amekaa Muscat tangu ujanani, na kila nilipomgusia habari ya kwenda kumtembelea jibu lake lilikuwa hilohilo: "Njoo mwanangu, karibu sana, lakini Juni usije." Likizo ya Juni ndiyo iliyotufaa mimi na wanangu, na sisi wa Unguja joto tunalijua, kwa hiyo nilimuuliza sababu. Akaniambia nisitazame joto la mchana, nitazame la usiku.

Muscat imebanwa kati ya Bahari ya Oman na milima ya Hajar, mawe makavu yenye miti haba. Mawe hayo yanashinda juani kutwa, na jua likishatua yanaanza kuurudishia mji joto lake, huku bahari ikiongeza unyevu hewani. Juni 2018 huko Quriyat, mji wa pwani jirani na Muscat, ilipita siku nzima, usiku na mchana, bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hebu fikiria alfajiri ya namna hiyo, na una watoto. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu.

Halafu kuna vimbunga. Bahari ya Arabu huchafuka kabla na baada ya majira ya kusi: Gonu kiliipiga Oman Juni 2007, Shaheen Oktoba 2021. Nikaifuta miezi hiyo, ikabaki Novemba katikati hadi Machi. Tukaenda Januari.

Januari ile ilikuwa raha tupu. Mchana nyuzi ishirini na kitu, na baada ya Isha tulitembea ufukweni Mutrah tumevaa sweta, tukaingia sokoni kwenye ubani na halua, na zaidi ya mara moja mwenye duka alitujibu kwa Kiswahili safi kabisa. Ndiyo miezi ambayo majahazi yalitweka huko yakaja kwetu na kaskazi, kisha yakasubiri kusi iwarudishe mabaharia makwao. Nilisimama pale bandarini, upepo umenipiga mgongoni, nikawaza kwamba wazee wetu walipanga safari kwa majira hayahaya, tena bila kumuuliza mtu.

Msimu mzuri nao una masharti yake. Mlimani Jebel Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita kama 2,000 juu ya bahari, usiku wa Januari baridi hukaribia kugandisha maji, na polisi wa kizuizi cha chini hawaruhusu gari lisilo la magurudumu manne yanayovuta. Tulipanda na makoti ya binamu zangu. Bonde la Wadi Shab hatukwenda. Utabiri ulitaja mvua milimani, na shangazi akakataa katakata: mvua ya huko juu hushuka bondeni kwa kasi, na maji yanaweza kukukuta umesimama juani, juu yako hakuna hata wingu. Watoto walinuna. Mimi nilikuwa upande wa shangazi, na ningekuwa upande wake hata kesho.

Sasa tunapanga Salalah, kusini kabisa, kilomita kama 1,000 kutoka Muscat. Huko mambo yamegeuka. Kusi ileile inayotupuliza sisi katikati ya mwaka hufika pwani ya Dhofar, jimbo la Salalah, ikapita juu ya maji ya baridi, ikapandisha ukungu na manyunyu hadi vilima vikawa kijani kibichi. Wenyewe wanaita kharif, Juni hadi Septemba. Julai na Agosti watu wa Ghuba hujaa kule kukimbia joto, na nyumba za kupanga ni shida. Shangazi anasema twende mwanzoni mwa Septemba: majani bado yapo, watu wameshapungua. Ruhusa ya shule nimeshaanza kuiombea.